Ol Doinyo Lengai na Ziwa Natron: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kaskazini mwa Tanzania, ndani ya Bonde la Ufa na karibu na mpaka wa Kenya, upo mlima unaotoa lava ambayo leo haitoki katika volkano nyingine yoyote duniani. Chini yake limelala ziwa la magadi ambalo majira ya kiangazi hugeuka jekundu. Kando ya ziwa kuna tope la kale lililohifadhi nyayo za watu, na mbali kidogo, upande wa Olduvai, kuna kilima cha mchanga mweusi ambacho hakikai mahali pamoja. Mambo haya manne husimuliwa kila moja peke yake, na ndiyo sababu maswali mengi kuyahusu hujibiwa nusunusu. Hapa yamewekwa pamoja, kwa kuwa yote ni kazi ya majivu na magadi ya volkano.

## Mlima wenyewe

Ol Doinyo Lengai uko wapi, na jina lake lina maana gani?

Mlima huu uko katika Wilaya ya Ngorongoro, Mkoa wa Arusha, kusini mwa Ziwa Natron. Kijiji kilicho karibu nao zaidi ni Engare Sero. Kimo chake ni takriban mita 2,960 kutoka usawa wa bahari, ingawa kilele hubadilika umbo kila baada ya mlipuko mkubwa, na ndiyo maana vitabu vya zamani vina tarakimu ndogo kuliko hiyo. Jina ni la Kimaasai, nalo ni Mlima wa Mungu. Wamaasai hawakulitoa kama pambo. Tazama sehemu ya ibada hapa chini.

Kwa nini unasemekana kuwa wa pekee duniani?

Karibu volkano zote zilizo hai hutoa lava yenye silika nyingi (madini yaliyomo kwenye mchanga na kioo), yenye joto linalokaribia au kuzidi nyuzi 1,000 za Selsiasi. Lava ya Ol Doinyo Lengai haina silika ya kutajika. Imejaa kaboneti za sodiamu na potasiamu, yaani jamii ileile ya chumvi ambayo mama wa nyumbani huiita magadi na kuitia kidogo kwenye maharage ili yaive upesi. Joto lake ni kati ya nyuzi 500 na 600 hivi, na kwa sababu ni nyepesi mno, hutiririka kwa kasi katika mifereji myembamba ambamo lava ya kawaida isingeweza kupita.

Mchana lava hiyo huonekana nyeusi au ya kahawia, na watu waliozoea picha za mito ya moto hudhani kwamba wanatazama tope. Usiku ndipo wekundu wake hafifu huonekana. Ikishapoa, hunyonya unyevu wa hewani, madini yake yakabadilika, na katika muda wa saa au siku chache hugeuka kijivu na hatimaye nyeupe; mvua ikinyesha, mabadiliko hayo huwa ya haraka zaidi. Weupe unaoonekana kileleni ukiwa mbali umewafanya wengi waamini kwamba ni theluji. Si theluji, ni lava iliyochakaa.

Lava ya namna hii hutokana na nini?

Chini ya Bonde la Ufa, mwamba ulioyeyuka huwa na kiasi kikubwa cha kaboni dayoksaidi na sodiamu. Maelezo yanayokubaliwa na wanajiolojia wengi ni kwamba unapopanda na kupoa, mwamba huo hujitenga katika vimiminika viwili visivyochanganyika, kama mafuta yanavyojitenga na maji. Kimoja kina silika, na hicho ndicho kilichojenga sehemu kubwa ya mwili wa mlima kwa maelfu ya miaka. Cha pili ni cha kaboneti, nacho ndicho kinachochemka katika kreta, yaani shimo la kileleni, siku hizi. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba mlima mzima umejengwa kwa magadi.

Jambo hili lilichelewa kukubalika. Kwa miaka mingi wataalamu walibishana kama mwamba wa kaboneti unaweza kweli kutoka ardhini ukiwa kimiminika, au kama ni chokaa tu iliyoyeyushwa na joto la volkano. Mwaka 1960 lava hiyo ilishuhudiwa ikitoka katika kreta, na mwaka 1962 mwanajiolojia J. B. Dawson akachapisha uchambuzi wake. Mabishano yakaisha kwa ushahidi uliotoka Tanganyika. Madini mawili makuu ya lava hiyo yalipewa majina ya watu: nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, na gregoriiti, kwa heshima ya J. W. Gregory, mtaalamu aliyelichunguza Bonde la Ufa mwishoni mwa karne ya 19. Inasikitisha kwamba wanafunzi wetu wengi humaliza shule bila kuambiwa kuwa lipo dini lenye jina la Mwalimu katika kila kitabu kikubwa cha madini duniani; neno dini hapa ni umoja wa madini, wala si imani.

Je, lava hii ni sawa na ile ya Nyiragongo, volkano ya mashariki mwa Kongo?

Hapana. Swali hili huulizwa hasa na wasomaji wa Goma na Gisenyi, nao wana sababu, kwa kuwa lava ya Nyiragongo nayo ni nyepesi na hukimbia. Lakini ile ni ya silika, na joto lake ni karibu maradufu. Mwezi Januari 2002 iliingia katikati ya mji wa Goma, na mwezi Mei 2021 ikafika tena pembezoni mwa mji. Lava ya Ol Doinyo Lengai kwa kawaida haitoki nje ya eneo la kilele, na mara chache inapofurika ukingo wa kreta hukomea kwenye miteremko. Hatari ya Ol Doinyo Lengai ni ya namna nyingine, kama linavyoeleza jibu linalofuata.

Mlima uko hai? Ulilipuka lini mara ya mwisho?

Uko hai, na una tabia mbili. Kwa miaka mingi mfululizo hutoa lava yake kimyakimya ndani ya kreta, ikijenga vichuguu virefu vyenye matundu yanayorusha matone. Kisha, baada ya muda mrefu, hulipuka kwa nguvu na kurusha majivu mbali. Milipuko mikubwa inayojulikana ni ya mwaka 1917, 1940 hadi 1941, 1966 hadi 1967, na ule ulioanza Septemba 2007 ukaendelea hadi mwaka 2008.

Mlipuko wa 2007 ulitanguliwa na mfululizo wa matetemeko ya ardhi mwezi Julai, yaliyosikika hadi Arusha na Nairobi, ambako watu walikimbia kutoka maghorofani. Chanzo chake kilikuwa mwamba ulioyeyuka uliojipenyeza chini ya mlima jirani wa Gelai. Majivu yalipoanza kushuka, malisho na maji viliharibika, na familia za wafugaji zikalazimika kuhamisha mifugo yao. Baada ya mlipuko, kreta iliyokuwa imejaa lava hadi kwenye ukingo iligeuka shimo lenye kina kirefu. Lava ya magadi ilirudi baadaye chini ya shimo hilo, na hadi leo mlima huendelea kuitoa mara kwa mara.

## Ziwa Natron

Je, ni kweli kwamba ziwa hili hugeuza wanyama kuwa mawe?

Si kweli, na hakuna uvumi uliolidhulumu ziwa hili kuliko huu. Ulienea mwaka 2013, mpiga picha Nick Brandt alipochapisha picha za ndege na popo waliokauka, wakiwa wamefunikwa na chumvi na wamesimama kana kwamba wangali hai. Wanyama hao walikuwa wamekufa, akawaokota ufukweni na kuwapanga katika mikao hiyo, jambo ambalo hakulificha. Mtandao ulizichukua picha ukaacha maelezo.

Kinachotokea hasa ni kwamba mnyama anayefia kando ya maji hayo haozi upesi. Magadi humkausha na kumhifadhi, na chumvi humganda mwilini maji yanapopungua. Hakuna kiumbe anayegusa maji akawa jiwe. Ziwa linaloitwa la mauti ndilo linalozaa karibu heroe (flamingo) wadogo wote wa Afrika Mashariki, na wamo samaki pia. Tazama maswali yanayofuata.

Maji yake ni makali kiasi gani, na yanatoka wapi?

Ziwa lina urefu wa kilomita 57 hivi, lakini kina chake kwa sehemu kubwa hakifiki mita 3, na ukubwa wake hubadilika sana kati ya masika na kiangazi. Maji huletwa na Mto Ewaso Ng'iro wa Kusini unaoshuka kutoka Kenya, pamoja na vijito na chemchemi za moto zinazozunguka ukingo wake, ambazo hubeba sodiamu kutoka kwenye miamba ya volkano. Ziwa halina mto wa kutokea. Maji hutoka kwa njia moja tu, nayo ni kugeuka mvuke, na chumvi yote hubaki. Kipimo cha ukali wake wa kibesi, kiitwacho pH, huzidi 10, na katika madimbwi ya pembeni joto la maji linaweza kuunguza ngozi.

Mtaalamu wa ndege Leslie Brown aliujua ukali huo mwaka 1954 alipojaribu kuvuka tope kwa miguu ili afikie viota vya heroe: miguu yake iliungua vibaya kwa magadi akalazwa hospitali kwa wiki kadhaa. Wageni wanaovua viatu ili wapige picha maji yakiwa magotini wangefaa kukijua kisa hicho kabla, si baada.

Kwa nini maji ni mekundu?

Wekundu hauletwi na udongo wala damu, bali na viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, wanaostawi mahali penye chumvi nyingi na wenye rangi nyekundu mwilini. Kadiri kiangazi kinavyokaza na chumvi inavyozidi, ndivyo wanavyoongezeka. Msimu wa mvua ziwa linaweza kuonekana la buluu au la kijivu, na mgeni aliyekuja kwa ajili ya picha nyekundu akaondoka akidhani amedanganywa.

Heroe, yaani flamingo, wanawezaje kuishi humo?

Heroe mdogo ana ngozi ngumu ya magamba miguuni, ana tezi za kutolea chumvi kichwani, na mdomo wake wa kupinda una vichujio vya kukusanya mwani mdogo uitwao spirulina, ambao ndio chakula chake kikuu. Rangi yake ya waridi inatokana na chakula hicho. Kifaranga huzaliwa wa kijivu.

Ukali wa ziwa ndio ulinzi wa ndege hawa. Huzalia katikati, juu ya magamba ya magadi na tope, ambako fisi na mbweha hawawezi kufika bila kuungua au kuzama. Kila jozi hujenga kichuguu cha tope chenye kishimo juu, na jike hutaga yai moja. Vifaranga wakishaanguliwa hukusanyika makundi ya maelfu, wakatembea pamoja kilomita nyingi kwenda penye maji yasiyo makali sana. Maji yakipanda ghafla, viota huzama. Yakikauka mno, maadui hupata njia. Uzazi kwa hiyo haufanikiwi kila mwaka, na unategemea kiwango cha maji kisichozidi wala kupungua.

Je, hawawezi kuzalia kwingine? Mbona wapo Nakuru na Bogoria?

Nakuru na Bogoria, kama zilivyo Manyara na Momela, ni mahali pa kulia chakula. Kuzaa ni jambo jingine. Barani Afrika heroe wadogo wamezalia pia Etosha nchini Namibia, Makgadikgadi nchini Botswana na Kimberley nchini Afrika Kusini, lakini kwa Afrika Mashariki Natron ndiyo mahali pa pekee pa kutegemewa.

Historia ina mfano mmoja unaofundisha. Mwaka 1962 mafuriko yalifunika Natron, na heroe wakaenda kuzalia Ziwa Magadi, upande wa Kenya. Chumvi ya huko iliganda kwenye miguu ya vifaranga ikawa pingu nzito, wakashindwa kutembea na kufa kwa wingi. Watu waliingia ziwani na kuzivunja pingu hizo kwa mikono, wakaokoa maelfu. Mtu anayesema kwamba ndege watajitafutia mahali pengine angekitafakari kisa hiki.

Kuna samaki kweli?

Wapo. Ni jamii ndogo za perege ambazo asili yake ni chemchemi za ukingo wa Natron na Ziwa Magadi tu, mahali ambapo maji ni ya moto na ya magadi lakini si makali kama ya katikati.

Kwa nini kiwanda cha magadi hakikujengwa Natron, ilhali Magadi kipo?

Ziwa Magadi limekuwa na uchimbaji tangu mwaka 1911. Kwa Natron, mpango mkubwa wa kuchimba magadi soda uliwasilishwa katikati ya miaka ya 2000, na ulipingwa na wahifadhi wa ndege na mazingira wa ndani na nje ya nchi kwa sababu zilizoelezwa katika majibu kuhusu heroe hapo juu. Mwekezaji wa kigeni alijiondoa mwaka 2008, na baadaye macho ya serikali yakahamia kwenye magadi yaliyoko Engaruka, kusini zaidi. Ziwa lenyewe liko katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa tangu mwaka 2001. Hata hivyo orodha pekee hailindi kiwango cha maji: misitu na mashamba ya juu, kwenye vyanzo vya Ewaso Ng'iro nchini Kenya, vina neno kubwa katika hatima ya viota vya Tanzania.

## Nyayo na mchanga

Nyayo za Engare Sero ndizo zile za Laetoli?

Hapana, na mkanganyiko huu ni wa kila siku. Nyayo za Laetoli, zilizofukuliwa na kundi la Mary Leakey miaka ya 1970, zina umri wa takriban miaka milioni 3.6 na ziliachwa na viumbe waliotangulia binadamu wa sasa. Nyayo za Engare Sero ni za watu kama sisi. Zipo zaidi ya 400, karibu na ukingo wa kusini wa Natron, na umri wake umekadiriwa kuwa kati ya miaka 5,760 na 19,100. Wenyeji walizijua kabla ya watafiti.

Majivu ya Ol Doinyo Lengai yalibebwa na maji yakawa tope; watu wakalikanyaga likiwa bichi, likakauka na kuwa gumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulitambua kundi la watu 17 waliotembea pamoja kuelekea upande mmoja, na kwa kupima ukubwa wa miguu watafiti walikadiria kwamba wengi wao, 14, walikuwa wanawake. Walipendekeza kuwa huenda wanawake hao walikuwa wakitafuta chakula kwa pamoja, kama jamii nyingine za wawindaji na wakusanyaji zifanyavyo. Hilo ni pendekezo, si hakika, lakini kwa maoni ya mwandishi ni miongoni mwa kumbukumbu zinazogusa moyo kuliko zote tulizo nazo katika ukanda huu, kwani ni mara chache sana kuona kundi zima la watu wa kale likiwa safarini.

Mchanga unaohama ni nini, na je, unahama kweli?

Unahama kweli. Ni kilima cha majivu meusi chenye umbo la mwezi mwandamo, karibu na Bonde la Olduvai, chenye kimo cha mita 9 hivi na urefu wa takriban mita 100. Upepo wa kutoka mashariki husukuma punje kutoka mgongoni na kuziangusha upande wa mbele, na kwa njia hiyo kilima kizima husogea magharibi kwa wastani wa mita 17 kwa mwaka. Nguzo zenye tarehe zimesimikwa kuonyesha kilipopita.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba hakitawanyiki. Sababu mojawapo ni kwamba majivu hayo, yanayoaminika kutoka Ol Doinyo Lengai, yana chembe nyingi za chuma zenye usumaku: ukirusha konzi ya mchanga hewani, sehemu kubwa huanguka pamoja badala ya kupeperuka. Umbo la mwezi mwandamo nalo hujilinda lenyewe maadamu upepo ni wa upande mmoja. Usikipande kilima, kila unyayo hulivuruga umbo hilo.

Majivu haya yana faida yoyote?

Ndiyo, na faida hiyo huonekana kila mwaka. Majivu ya volkano za ukanda huu yaliyosambaa magharibi ndiyo yaliyotengeneza udongo wa nyanda za kusini za Serengeti, wenye kalisi na fosforasi nyingi. Nyumbu huja kuzalia huko, hasa mwezi Februari, kwa kuwa nyasi hizo zinawafaa mama wanaonyonyesha. Tabaka gumu lililo chini ya udongo huohuo ndilo linalozuia miti kuota, na hivyo nyanda kubaki wazi.

## Ibada na heshima

Wamaasai huabuduje katika mlima huu?

Kwa Wamaasai, Engai ndiye Mungu mmoja, na hutajwa kwa sura mbili: Engai Narok, mweusi, mwenye rehema na mvua, na Engai Nanyokie, mwekundu, mwenye ghadhabu. Mlima ni mahali pa kumwelekea. Wakati wa ukame, maradhi ya mifugo au utasa, watu wameuendea kwa maombi, kondoo akichinjwa na wanawake wakiimba sala. Wako Wamaasai Wakristo wasioshiriki ibada hizi, na si haki kumdhania kila Mmaasai jambo moja.

Mgeni akikuta maombi yakiendelea, asikaribie wala kupiga picha mpaka wazee wamruhusu. Kuyaita maombi hayo tamasha la kitamaduni, kama matangazo mengine ya utalii yafanyavyo, ni kuwakosea wenyewe.

## Kufika na kupanda

Ni wakati gani unafaa, na je, mlima ni mgumu?

Kiangazi cha kuanzia Juni hadi Oktoba ndicho kinachofaa kwa barabara na kwa kupanda. Njia ya kawaida hupitia Mto wa Mbu na Engaruka, ambako kuna magofu ya mji wa kale wa wakulima wenye mifereji ya mawe, yanayostahili kusimama hata kwa saa moja.

Mlima ni mgumu kuliko kimo chake kinavyoonyesha. Kupanda huanza karibu saa sita usiku ili kukwepa jua, na huchukua saa tano au sita kwa mtu mwenye nguvu. Hakuna kivuli wala maji, majivu huteleza, na miteremko ya juu ni mikali sana; wengi huona kushuka ni kugumu zaidi. Kiongozi wa kijijini ni wa lazima, kwa kuwa yeye ndiye anayejua hali ya kreta ya wiki hiyo, na akisema leo hakupandwi, hakupandwi.

Kwa kuwa lava si ya moto sana, naweza kuikaribia au kuigusa?

Usithubutu. Nyuzi 500 zinatosha kumuua mtu, na wapo waliojeruhiwa vibaya. Hatari kubwa zaidi ni utando wa juu unaoonekana mgumu huku chini yake mna kimiminika au uwazi. Kingo za kreta nazo humomonyoka bila dalili.

Naweza kuchukua kipande cha lava nyumbani?

Hairuhusiwi kuokota mawe bila kibali cha utafiti, na hata ukikipata, hakitadumu. Kwa sababu iliyoelezwa katika jibu la pili la sehemu ya mlima, kipande kilichowekwa kabatini hunyonya unyevu, hufifia na kuwa unga mweupe. Watafiti wanaotaka kuchunguza nyerereiti katika hali yake ya asili hulazimika kuokota lava mara tu inapopoa na kuifungia papo hapo katika vyombo visivyopitisha hewa.